Diski Tatu Bila Chupa

Vijana wanaokuja kuniuliza habari za zile diski tatu wananikera. Wanaweka simu zao juu ya cherehani yangu, wananichezea ile sauti moja na lile gitaa moja, halafu wananitazama usoni wakisubiri nilie. Wananiambia ni muziki mtupu, safi, hauna pambo hata moja. Nawaambia pambo lenyewe ni mimi, nilitolewa ndiyo maana ukawa mtupu. Wanacheka, wanadhani mzee anatania.

Sitanii. Jina la yule mwimbaji sitalitaja, na langu pia sitaki liandikwe. Majina nilishayataja ya kutosha katika maisha yangu. Alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, kwa hiyo kwetu ni ndugu yangu kabisa, mdogo wangu kwa miaka minne. Aliniita yaya, kama mtu anavyomwita mkubwa wake. Tulikaa Mulongwe, mtaa wa mji wa Uvira, karibu na mto, mahali ambapo mvua ikinyesha milimani watu huanza kufunga vyombo. Mimi nilikuwa fundi wa nguo. Yeye hakuwa na kazi ya kueleweka, alikuwa na gitaa.

Tulipiga pamoja kwenye ndoa, kwenye kumaliza matanga, kwenye baa. Yeye gitaa na sauti, mimi chupa. Watu wa siku hizi hawajui chupa ni kitu gani. Ni chupa ya bia iliyokwisha kunywewa, unaishika shingoni kwa vidole viwili ili usiizibe mlio, unaigonga kwa kisu kidogo. Mpiga gitaa anaweza kukosea na hakuna atakayejua. Chupa ikikosea, wachezaji wanakanyagana.

Kazi yangu ya pili ilikuwa majina. Kwetu wimbo usio na majina ulikuwa haujakamilika. Mtu aliyekuletea kuku, aliyekulaza kwake, aliyekutengenezea gitaa lilipovunjika, ulimsalimu kwa jina katikati ya wimbo, ukaongeza na mama yake na kijiji chake, na watu wote wakageuka kumtazama. Shukrani ilikuwa hiyo. Mimi ndiye niliyezunguka kwa wageni kabla ya kuanza, nikiuliza huyu mtoto wa nani, katoka Runingu au Mulenge, nani asisahauliwe. Halafu nilikaa karibu na sikio la mdogo wangu, nikagonga na kumnong'oneza. Alikuwa msahaulifu wa ajabu. Siku moja nilikuwa mgonjwa, akaenda peke yake, akamsalimu bibi harusi kwa jina la mke wa kwanza wa bwana harusi. Viti vilirushwa.

Uhuru ulipofika, kila mtu alikuwa na kitu chake alichokisubiri. Wengine walisubiri nyumba za Wabelgiji, wengine ofisi. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, kuwemo ndani ya diski. Tulisikiliza diski za watu wa Léopoldville na Elisabethville, na ndani yake chupa ilisikika vizuri kabisa, nami nilijua yule anayeigonga hanishindi. Nilitaka mkono wangu usikike kwenye gramafoni za watu nisiowajua. Sikuomba zaidi ya hapo.

Miaka michache baadaye akaja mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka na mashine ya kunasa sauti ndani ya gari. Alikuwa amemsikia mdogo wangu kwenye ndoa fulani. Alitaka nyimbo sita, diski tatu, zitiwe katika jalada moja la karatasi ngumu lenye picha mbele. Hakuna mtu wa mtaa wetu aliyewahi kupata kitu cha namna hiyo. Nilishona mashati mawili ya kitambaa kimoja, lake na langu, kwa ajili ya picha.

Alikuja kuchukua lake mchana. Hakukaa.

"Yaya, kesho minye nitaenda peke."

"Peke namna gani?"

"Gitare na sauti tu. Chupa hapana."

Nilisimamisha cherehani. Nikamuuliza kwa nini.

"Ile chupa yako iko inanikimbiza. Nikitaka kusimama kidogo, haiko inanipa nafasi."

"Na majina?"

"Majina pia hapana. Sitasalimu muntu."

"Weye! Bantu bamekulisha, bamekuvalisha, halafu unaimba kama vile hawako?"

"Nikisalimu mumoja, wimbo inakuwa yake. Nataka ikuwe ya kila muntu."

Nilimwambia bila chupa atasikika kama mtu anayejiimbia chooni. Nilimwambia na mengine ambayo siyaandiki. Alikunja shati lake vizuri, akaliweka kwapani, akaenda. La kwangu nililikata siku ileile, nikalitengenezea nguo ya mtoto.

Walinasa sauti ndani ya ghala la pamba, kwa sababu yule mfanyabiashara alisema marobota ya pamba yanameza kelele. Walipanga marobota mpaka kwenye madirisha. Nilikwenda, nikijidanganya kwamba napita tu. Nilitega sikio ukutani kwa nyuma na sikusikia kitu, isipokuwa pumzi yangu mwenyewe. Mdogo wangu alitoka saa tisa, shati limelowa, nywele zimejaa nyuzi nyeupe. Aliniona nimesimama pale.

"Imeisha, yaya," akasema.

Nikatema mate chini, nikaenda zangu.

Diski zilifika baada ya miezi. Mwenye baa ndiye aliyekuwa na gramafoni, na nusu ya Mulongwe ilijaa kwake Jumapili baada ya misa. Watu walivaa vizuri, maana walikuwa wanakwenda kusikia majina yao. Seremala aliyemgundishia shingo ya gitaa alikuja na wake zake wawili. Alikuja katekista aliyemfundisha kuandika. Alikuja mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, aliyemlisha yeye na mama yake miezi mitatu, mwaka ule mto ulipochukua nyumba yao. Mwenye baa akazungusha mkono wa gramafoni, wimbo wa kwanza ukaisha, hakutajwa mtu. Akageuza diski, hakutajwa mtu. Waliendelea hivyo mpaka wimbo wa sita. Hata mama yake mzazi hakumsalimu. Inasemekana mama mdogo aliuliza kama hakuna diski ya nne.

Hayo nilisimuliwa. Mimi niliondoka mara tu gramafoni ilipoanza kukwaruza. Niliapa sitakisikia kile kitu, na kiapo changu nilikishika.

Watu walikasirika kwelikweli. Seremala alisema akiona lile gitaa tena atalibandua pale alipoligundisha. Hakuna aliyemwita kwenye ndoa. Mama wa ndagala alikuwa akimwona anapita, anageuza kiti. Nami nilichochea, sioni haya kusema. Mteja akija kupimwa kiuno anaondoka na neno: kwamba kijana ametuuza kwa mgeni, kwamba amejiona Mzungu, kwamba nyimbo nyingine ni zangu. Hilo la mwisho lilikuwa uongo, lakini nililisema mara nyingi mpaka nikaanza kukumbuka jinsi nilivyozitunga.

Tatizo ni kwamba wimbo mmoja uliwashinda. Ulihusu usiku ule wa mto, mama yake akiwa juu ya kitanda na sufuria kichwani, akiyagombeza maji kama mtoto mtundu. Watu walimchukia mwimbaji na wimbo waliuimba. Wanawake waliuimba wakianua ndagala, watoto waliuimba wakienda shule. Nilikuwa sijausikia kwenye diski, na bado niliujua wote, kwa sababu ulipita mbele ya mlango wangu kutwa. Uliniudhi kupita kiasi.

Kisha waasi wakauchukua mji. Wakubwa wao waliingia katika nyumba za Wazungu, wakawa wanatoa amri kila siku, na amri mojawapo ilikuwa sherehe kwenye uwanja wa mpira. Walitaka ule wimbo wa mto. Walitaka uimbwe na mwenyewe, na ndani yake wasalimiwe wakubwa wao, mmoja baada ya mwingine. Mdogo wangu alisema ana jipu kwenye kidole. Walimpa siku tatu jipu lipone. Siku ya pili akaenda Runingu, akajificha kwa bibi yake akilima mihogo.

Wakanijia mimi.

"Weye njo ulikuwa unapiga naye?"

"Ndiyo, ni minye."

"Uko unajua majina?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo kwa miaka miwili. Nikajibu kwamba hakuna mtu Uvira anayejua majina kama mimi. Nilitafuta mpiga gitaa kutoka bandarini Kalundu, nikatoa chupa, nikanoa kile kisu. Nilizunguka kwa wakubwa wa waasi nikikusanya kama zamani: huyu mtoto wa nani, katoka wapi, asisahauliwe nani. Nilipata majina kumi na moja, na la mganga wao, mwanamke aliyewanyunyizia dawa ya vita ili risasi zisiwapate, nikaliweka mwishoni ili liache mwangwi.

Siku ya sherehe niliimba mwenyewe, nikigonga. Wimbo wa mama mdogo na sufuria yake niliukata mapema, nikamwaga majina. Kila jina likitoka, mwenyewe anasimama, bunduki juu, na uwanja unapiga kelele. Najua wengine walishangilia kwa woga. Sikujali. Sitadanganya watu katika uzee huu: ilikuwa siku ya furaha kuliko zote nilizowahi kupata. Mama mdogo alikuwepo, karibu na goli, amekunja mikono. Yeye hakupiga makofi.

Miezi ikapita, wanajeshi wa serikali wakarudi, na mji ukageuka. Waliokuwa wakishangilia ndio waliokuwa wakinyoosha vidole. Kila mtu alitaka kumtaja mwenziwe kabla hajatajwa. Watu walichukuliwa sokoni na kanisani, wakapandishwa malori kuelekea upande wa tambarare, na wengi wao hatukuwaona tena. Nilivunja ile chupa, nikafukia vipande nyuma ya jiko. Mchana nilishona huku nimekaa karibu na dirisha la nyuma.

Walinikuta hapohapo. Walinipeleka katika ofisi karibu na ziwa. Mezani niliona gramafoni ya baa na zile diski tatu katika jalada lake, na picha ya mdogo wangu mbele, amevaa shati nililolishona. Mwenyewe alikuwa chini, sakafuni, mikono imefungwa nyuma, mdomo umevimba. Walikuwa wamemtoa Runingu asubuhi ile. Aliyewaelekeza sijui, lakini kazi haikuwa ngumu, uso wake ulikuwa kwenye jalada.

Ofisa alisema Kilingala, na karani mmoja alikuwa akigeuza kwa Kiswahili. Hakuwa mtu wa kelele. Alitaka kujua kitu kimoja: nani aliwasifu waasi uwanjani. Walioniona walikuwa wengi, lakini wa kusema alimwona mwimbaji angekiri kwamba naye alikuwa pale akishangilia.

"Iko wimbo gani?" karani akauliza.

Nikasema ni ule wa mto. Wakauweka.

Hapo ndipo nilipousikia kwa mara ya kwanza, nimesimama, mikono nyuma, mwanajeshi pembeni yangu. Gitaa lilianza peke yake, pole pole, kisha likasimama. Ni pale nilipokuwa nikigonga kila mara, pale ndipo nilipokuwa nikijaza. Akaiacha nafasi ile wazi, na ndani ya nafasi ile nikamsikia akivuta pumzi. Ndipo akamwingiza mama yake na sufuria. Nilizaliwa katika mtaa ule, maji yale niliyaona kwa macho, na sikuwahi kuyasikia mpaka siku ile. Chupa ingeua kila kitu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unatafuta mahali pa kuingia na haukupaona. Nilimchukia pale kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa na haki, na alikuwa amenyamaza nayo miaka yote ile akiniacha nitukane.

Diski ikaisha. Ofisa akakunja uso.

"Anauliza," karani akasema, "majina ya bakubwa ba waasi iko wapi? Hapa haimo."

"Haimo," nikajibu. "Iliongezwa kule uwanjani."

"Na weye? Uko ndani ya hii diski?"

"Minye simo."

Maneno yote mawili yalikuwa kweli tupu. Ofisa akamtazama karani, karani akanitazama mimi.

"Sasa nani aliongeza majina?"

Nilitazama jalada pale mezani. Nilijua jibu, na nilijua lori liko nje, injini inawaka. Nilihesabu vifungo vya shati la kwenye picha, nikafika vinne, nikaanza tena.

"Ni minye," mdogo wangu akasema kutoka sakafuni.

Yeye ambaye hakutaja hata mama yake. Yeye aliyekwenda kujifukia kwenye mihogo ili asiseme jina la mtu. Karani akageuza, ofisa akanielekezea kidole.

"Na huyu?"

"Huyu?" Mdogo wangu hakuniangalia. "Huyu hajui kuimba. Kazi yake ilikuwa kugonga chupa. Muulize muntu yote wa Mulongwe."

Nitaandika kilichonipata hapo kama kilivyonipata. Sikusikia kwamba ananiokoa. Nilisikia tusi. Damu ilinipanda, nikafungua mdomo nibishe, niseme ninajua kuimba, niliimba mimi, uwanja mzima ulinishangilia, kumi na moja yote niliyataja bila kukosea hata moja. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Kiburi peke yake kingetosha kunifanya niseme ukweli. Kisha nikaelewa ninataka kusema nini, na nikaufunga mdomo.

Ofisa akapunga mkono kama anayefukuza inzi. Nikatoka. Nilipofika barabarani nilisikia lori likiondoka nyuma yangu, nami sikugeuka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mdogo, kabla mwingine hajafika kumweleza. Alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilimwambia wamempeleka upande wa tambarare. Aliendelea kutwanga.

"Alisema nini?" akauliza.

"Alisema ni yeye aliimba yale majina."

Mchi ukasimama. Nimesema alikuwepo uwanjani. Alinisikia kwa masikio yake, jina kwa jina.

"Na weye, mutoto wangu, ulisema nini?"

Nikamwambia sikusema kitu.

Hakulia mbele yangu, wala hakunifukuza. Alikwangua majani yaliyoganda kwenye mchi kwa kidole, akayarudisha kinuni, akaendelea na kazi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, jirani yangu, na hakunishtaki kwa mtu wa serikali, kwa sababu angenitaja ningekufa, na mimi nilikuwa mtoto wa dada yake. Alikuwa akileta nguo zake kwangu kushonwa kama kawaida. Ila tangu siku ile, mpaka tulipomzika, hakuniita tena mtoto wake. Aliniita fundi, kama wateja wengine.